Bendera ya Teksasi

Kampuni ya Rodolfo ilitupa miaka miwili Busan,
nyumba ghorofa ya kumi na tisa,
na posho ya shule kwa mtoto mmoja.
Sisi tunao wawili.
Hesabu ikaanzia hapo,
mezani, kati ya bakuli la wali na kikokotoo.

Jumatatu tulipelekwa kilimani.
Bwawa la kuogelea lilifuka mvuke kama supu,
jukwaa lilikuwa na pazia la mahameli,
na kijana mwenye tai akatamka "jumuiya" mara kumi na moja.
Lautaro alizihesabu kwa vidole, akaazima kimoja cha dada yake.
Nikauliza: walimu waliokuwa hapa miaka mitatu iliyopita,
wangapi wangalipo?
Akatabasamu. Akatuonyesha maktaba.
Nikauliza tena maktabani.
Akaturudisha bwawani.

Usiku nilisoma vijitabu hadi macho yakawasha.
Mtaala wa Uingereza, wa Marekani, na ule wenye cheti
kinachopokewa, wanasema, na vyuo vya dunia nzima.
Kila kijitabu kina mtoto yuleyule anayecheka,
ameshika chupa ya maabara yenye maji ya buluu.
Mimi nilitaka kumwona anayelia,
na nani humfuata hadi msalani.
Ada imeandikwa ukurasa wa mwisho kwa herufi za sisimizi,
na nyuma yake sisimizi wengine: basi, sare, chakula,
mchango wa ujenzi usiorudishwa
hata ukihama kabla saruji haijakauka.

Bi Ok-sun wa mlango wa pili alisema, nusu kwa mikono,
mpeleke shule ya mtaa, pale chini, bure,
mjukuu wangu atamshika mkono.
Nililala na wazo hilo siku tatu.
Antonia ana miaka kumi na miwili.
Mkataba una miezi ishirini na minne.
Atakapoanza kuota kwa Kikorea
tutakuwa tunafunga masanduku.

Alhamisi, shule ndogo nyuma ya soko la samaki.
Uwanja wake ni paa lililozungushiwa wavu.
Ukumbini bendera thelathini; Antonia akasimama chini ya moja,
akainamisha kichwa upande.
"Mama, hii si yetu.
Buluu yetu huishia katikati. Hii imeshuka hadi chini.
Hii ni ya Teksasi."
Nikamfinya bega anyamaze:
mgeni hakosoi ukuta wa mwenyeji.
Lakini Mwalimu Noh Hye-rim alikuwa amesikia.
Akaiva uso hadi masikioni.
Hakusema mambo haya hutokea.
Hakumwita mtu. Alileta ngazi mwenyewe,
akavua viatu, akapanda, akaishusha,
akaikunja mara nne kama barua iliyokosewa anwani.
"Imekaa pale miaka sita," akasema.
"Na tumewahi kuwa na watoto wawili wa Chile.
Hawakuniambia. Najiuliza kwa nini."

Swali hilo halikuwamo katika kijitabu chochote.

Nikatoa langu, la walimu.
Tisa kati ya kumi na sita, akajibu,
na wa hisabati anaondoka Juni, tumeshaanza kumlilia.

Sijui kama tumechagua vema.
Maabara ina hadubini mbili. Kiingereza cha Lautaro
kimeanzia kwenye matusi. Ada ya mtoto wa pili
imekula nauli ya kwenda Valdivia kumwona mama yangu,
naye kwenye simu hujifanya hana habari.

Siku ya kwanza bendera mpya ilikuwepo,
imeshonwa kwa mkono, nyota imelalia kushoto.
Antonia alihesabu ncha zake kwa Kihispania, kwa sauti,
zikatimia tano,
kisha akaenda kutafuta darasa.